Neno moja limemtoa Haji kazini

Wete, Pemba

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mama magoti yanamsumbua. Najua una hasira na mimi kwa kimya changu tangu Idi. Nisamehe, leo nina haja nawe.

Habari ya Haji itakuwa imekufikia, lakini sijui umesimuliwaje. Mgeni mmoja pale hotelini alimwambia, "I ran into your manager at Darajani." Haji akaelewa kuwa mgeni kamgonga meneja kwa gari. Mbio hadi jikoni, wenzake wakaacha masufuria motoni, mmoja akampigia simu mke wa meneja, yule mama akaanguka kwa kihoro. Kumbe mgeni alikutana na meneja sokoni tu, wakasalimiana! Jioni ile ile Haji akaambiwa asirudi.

Zuhura, mtoto yule nimemsomesha mimi. Kidato cha pili, ubaoni, kwa mkono wangu: run (ndiyo hiyo ran ya mgeni, ikisemwa kwa wakati uliopita), kukimbia. Nikapiga mstari, tukaenda neno jengine.

Unajua neno hili lina maana ngapi? Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na kitenzi hiki kimoja zaidi ya miezi 9, akatoka na maana 645. Katika chapa ya mwaka 1989 lililokuwa likiongoza ni set, maana 430. Mia sita na arubaini na tano, shoga! Mimi nilimpa Haji moja, nikamwacha avuke bahari akatafute riziki nayo.

Mfereji ukitoka maji ni run. Pua ikichuruzika, run. Kanga ikitoa rangi kwenye beseni, mtu akigombea uwakilishi, akiendesha duka, sukari ikimwishia, zote hizo run. Nilidhani Waingereza wamezirundika tu ovyo, mpaka nilipokuta kuwa Kijerumani kina ndugu wa neno hili, rinnen, na maana yake ni kutiririka. Basi maji yamo humo tangu zamani, si miguu peke yake. Zikaja mashine, zikaja kompyuta, kila kinachokwenda bila kusita kikapewa run.

Na sisi tuna piga. Tunapiga pasi, deki, hodi, mbizi, miayo, kura, na hakuna mtoto wa Wete anayedhani pasi inachapwa. Nani alitupa orodha? Hakuna. Tulilisikia piga kila mara limefuatana na mwenzake. Hapo ndipo nilipokosea ubaoni: nilimpa Haji neno pweke, na maneno hayaishi pweke. Sasa skuli nimebandika karatasi ukutani, kila mtoto analeta sentensi nzima, neno na wenzake. Wameshanitajia ishirini na… lakini nyingi wametoa kitabuni, zimekauka.

Kwa hiyo nakuomba. Wewe uko na watalii Mji Mkongwe mchana kutwa. Kila utakapoisikia run, niandikie sentensi nzima, na nani kasema, na alikuwa akifanya nini. Nitumie hata kwa simu.

Halafu huyu Haji. Yuko kwa ami yake Mwanakwerekwe, hataki kutoka, anasema Kiingereza basi. Wallahi linaniuma. Mtoto aliyekuwa akibeba daftari hadi shambani wakati wa karafuu! Hakudanganya, hakuiba, alimhofia tajiri wake.

Utaweza kumpitia Jumamosi? Atakusikiliza kuliko mimi? Yule jamaa yako wa Nungwi bado anatafuta vijana, au ameshajaza? Na Bi Mwanakheri anasemaje, maana najua ndiye aliyekupa habari kwanza? Na hebu niambie kweli: hao wageni wako, wakiona hujafahamu, huwa wanarudia kwa maneno mengine, au wanapandisha sauti tu?

Wako,
Asha