Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitambaa vya Mabaki na Saa za Mshonaji

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu kila mwaka na kueleza yale ambayo kikundi kimefanya, yale ambayo kimeshindwa, na yale ambayo kamati inaomba yaamuliwe na mkutano mkuu. Hesabu za fedha, pamoja na idadi ya bidhaa zilizouzwa na zilizobaki stoo, zimo katika taarifa ya mweka hazina ambayo kila mmoja wenu ameshapewa nakala yake, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe, na hasa jambo moja ambalo mwaka huu tumejifunza kwa hasara: kitambaa tunachopewa bure, au tunachouziwa kwa bei ya soda, hakigeuki mkoba bure.

Vitambaa vyetu vimeendelea kutoka katika njia tatu tunazozijua. Ya kwanza ni mafundi cherehani wa Kariakoo na wa mitaa yetu hapa Temeke, ambao kila wakikata gauni la kitenge hubakiwa na vipande vya pembeni, vya kwapa na vya shingo. Ya pili ni mitumba ambayo wauzaji wa Karume na Ilala wameshindwa kuiuza baada ya robota kufunguliwa, kama vile jinzi zilizochanika magoti na mashuka yenye doa lisilotoka. Ya tatu ni makabati yetu wenyewe, zilimo kanga zilizochakaa katikati lakini pindo zake bado ni imara. Njia ya kwanza ndiyo inayozidi kuwa ngumu, kwa sababu hatuko peke yetu mlangoni kwa fundi. Wapo wanaotafuta vipande vya kujazia mito, na wapo wa gereji wanaotaka matambara ya kufutia oili, nao hununua gunia zima bila kuchagua. Sisi tunachagua, na fundi mwenye haraka hampendi mteja anayechagua. Nawashukuru wanachama waliojenga mazoea ya kupita kwa mafundi wao kila Jumamosi jioni na kuwaachia mfuko wetu mtupu wa kutilia vipande, kwa kuwa utaratibu huo mdogo ndio umetuhakikishia vipande visivyokanyagwa wala kuchanganywa na takataka.

Sasa naomba nieleze habari ya mikoba iliyorudishwa, maana wengine waliisikia nusunusu na mimi ni wajibu wangu kuieleza yote. Mwanzoni mwa mwaka duka moja la zawadi lilituagiza mikoba ya begani yenye bitana nyeupe, yaani kitambaa cha upande wa ndani. Tuliifikisha kwa wakati, ikapendeza, na kabla ya mwezi kwisha sehemu yake ikarudi. Mteja mmoja alikuwa ameweka chupa ya maji iliyovuja, na wekundu wa kanga ukatapakaa kwenye bitana nzima. Mwingine aliufua mkoba wake, na ulipotoka majini ulikuwa umekunjamana upande mmoja kama karatasi iliyofinyangwa. Baadhi yetu walisema kwamba kosa ni la mteja, kwani mkoba wa zawadi haufuliwi. Kamati haikukubaliana nao, na mimi sikubaliani nao hata leo. Mkoba unaobebwa Dar es Salaam, katika jasho, vumbi na mvua za masika, lazima ufuliwe, na anayeutoa kama zawadi hawezi kumpa mwenzake masharti ya kuutumia.

Chanzo kilikuwa wazi tulipoifumua. Kanga ile ilikuwa mpya, kipande kilichobaki kwenye sare za harusi, na hakuna aliyeifua kabla ya kuikata. Mkoba wa pili ulikuwa na vipande vya shuka la mtumba ambalo limeshafuliwa mara nyingi na kumaliza kusinyaa, vikiwa vimeunganishwa na kitambaa cha pamba ambacho hakijawahi kuona maji, na kilipofuliwa kimoja kilivuta na kingine kikabaki palepale. Kwa hiyo tangu wakati ule hakuna kipande kinachoingia kwenye meza ya kukatia kabla hakijaloanishwa, kikakaushwa na kupigwa pasi. Tuliacha pia kutegemea chumvi. Wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kuloweka kanga katika maji ya chumvi ili rangi ishike, na sisemi kwa kuwadharau wazazi, lakini tumejaribu na rangi ambayo haikushikishwa kiwandani imeendelea kutoka. Kinachotusaidia ni kipimo: unaloanisha kipande cha kitambaa cheupe, unakiweka juu ya kanga, unapitisha pasi ya moto, kisha unakitazama. Kikichukua rangi, kanga hiyo hurudi kwenye beseni hadi maji yatoke meupe, na ikigoma kabisa haiunganishwi na kitu cheupe kamwe.

Kuhusu kutambua kitambaa, ambako tulikuwa tukikisia kwa vidole, sasa tunachoma uzi mmoja wa ukingoni. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa tone jeusi gumu. Jambo hili lina uzito mkubwa katika vitambaa vya kushikia sufuria, ambavyo ni zawadi inayopendwa sana kwenye kichen pati. Kitambaa cha kushikia sufuria chenye poliesta ndani kinaweza kuyeyukia mkononi mwa bibi harusi, na hatuna haki ya kumpa mtu zawadi ya namna hiyo hata kama mauaridi yake yanapendeza kiasi gani. Vishikio vyote sasa ni pamba tupu, nje, ndani na katikati. Vilevile tumeacha kuwashonea wanasesere macho ya vifungo, kwa kuwa mtoto mdogo hukivuta kifungo, akakimeza, kikamkaba. Macho yanatariziwa kwa uzi. Kazi ni ndefu zaidi, lakini sura ya mwanasesere imekuwa ya upole kuliko zamani, na wanunuzi wameliona hilo.

Nakuja kwenye kanga, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi yetu, na ambayo pia imetupa fundisho la aibu. Mnajua kwamba kila kipande cha kanga, chenye urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, kina pindo, kina mji, yaani sehemu ya katikati, na kina jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Anayeikata kwa kutazama maua peke yake hukata na jina. Kuna mkoba uliotoka kwetu ukiwa na maneno “nyota ya mwenzio” kifuani, yaliyobaki baada ya mkasi kuondoa “Usisafirie”, na anayesoma maneno hayo bila mwanzo wake huona kama mbebaji anajisifu kwa cha mwenzake. Baya zaidi ni kipochi kilichonunuliwa na kijana kwa ajili ya mama mkwe wake, kikiwa kimeandikwa “Hasidi hana sababu” kwa herufi zilizonyooka kabisa. Mshonaji alikuwa ameyapanga maneno katikati kwa ustadi mkubwa, akiyatazama kama pambo. Katika nyumba za Waswahili jina la kanga halijawahi kuwa pambo. Watu wamepeana kanga kuombana radhi, kuchokozana na kupongezana, na mama mkwe yule alisoma alichoandikiwa.

Kwa hiyo kamati imeweka kanuni kwamba jina lisomwe kwa sauti mbele ya mwenzako kabla ya mkasi kugusa kanga, kisha muamue pamoja. Majina ya heri, kama “Wema hauozi”, yanakaa mbele ya mkoba yakiwa kamili. Yale ya vijembe hayatupwi. Yanageuzwa kuwa bitana ya ndani kwa mteja anayeyataka kwa makusudi, au yanakatwa katikati ya herufi hadi yasisomeke. Wapo waliolalamika kwamba kanuni hii inapoteza kitambaa. Ni kweli inapoteza, na naomba tukubali hasara hiyo.

Baada ya haya yote mtaelewa kwa nini suala la bei limechukua vikao vingi kuliko mengine. Mwezi wa saba tulikaa na saa ya ukutani na kuhesabu. Mkoba wa sokoni wa sentimita 38 kwa 42, ukikatwa katika kitenge kizima kipya, ulimchukua mshonaji wetu mzoefu saa moja na nusu. Mkoba uleule, ukitengenezwa kwa vipande, ulimchukua karibu saa nne, kwa kuwa kabla ya kushona kuna kuchambua, kufua, kupiga pasi, kunyoosha kingo, kupanga rangi na kuunganisha, na kila kiungo kinahitaji sentimita moja ya mshono kila upande, iliyofunguliwa na kulazwa kwa pasi ili mkoba usiwe na matuta. Hapo sijataja mikanda, ambayo tunaitoa kwenye jinzi: ukanda wa upana wa sentimita 10 hukunjwa tabaka nne, hushonwa kwa sindano namba 100, na mahali unaposhikana na mkoba hupigwa mraba wenye msalaba ndani yake, kwa sababu ndipo uzito wote wa viazi na nyanya unapoangukia.

Mteja anapotuambia, “Lakini haya si mabaki tu?”, anadhani anapunguza bei ya kitambaa, kumbe anapunguza saa za mtu. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu hata sisi wenyewe tumelisema. Nimewasikia wanachama wakimwambia mnunuzi kwamba mkoba ni rahisi “kwa kuwa nguo tulipewa”. Tafadhali tuache kauli hiyo. Kupewa vipande kumetuondolea gharama moja na kutuongezea nyingine tano, na mwenzako aliyeinama juu ya cherehani tangu asubuhi anastahili kusikia kazi yake ikitajwa kwa jina lake.

Kulikuwa pia na mabishano juu ya oda ya mikoba ya wageni wa mkutano, ambayo mteja alitaka ifanane yote. Upande mmoja ulipendekeza tununue kitenge kipya Kariakoo, tushone haraka, tupate fedha. Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande huo, kwa kuwa pango la chumba lilikuwa limekaribia. Wajumbe wengi walinipinga wakisema kwamba tukishona kitambaa kipya na kukiita mabaki tutakuwa tumemdanganya mnunuzi. Walikuwa sahihi, na nimefurahi kwamba walinishinda. Tulimwendea mteja na sampuli tatu zenye kipimo kimoja, mikanda ya aina moja na bitana ya rangi moja, huku nyuso za mikoba zikitofautiana, akazikubali.

Soko la mifuko ya kubebea vitu limetushangaza kidogo. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, wengi tulitegemea kwamba akina mama watarudi kwenye kikapu na mfuko wa kitambaa. Kilichojaa sokoni ni mifuko mbadala ya bei ndogo, inayopapaswa kama kitambaa lakini ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja, ambayo ikikaa juani huanza kukatikakatika. Hatuwezi kushindana nayo kwa bei na tusijaribu. Tunachoweza ni kutengeneza mfuko unaobebwa miaka, na kuukarabati bure ukifumuka mshono, huduma ambayo tumeianza mwaka huu na ambayo imewarudisha wateja wengi mezani kwetu, wengine wakiwa na oda mpya mkononi.

Mwaka huu tulimzika mwenzetu mmoja kati ya waanzilishi. Watoto wake walituletea vitambaa vyake, na tulipofungua sanduku tulikuta vipande vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimepangwa kwa rangi, na kila fungu limefungwa kwa uzi wenye karatasi ndogo iliyoandikwa “pamba” au “si pamba”. Alikuwa akifanya peke yake, kimya, lile ambalo kikundi kilihitaji hasara ndipo kianze kulifanya. Vitambaa hivyo bado havijaguswa, na kamati inapendekeza vishonwe mfuniko mmoja wa kitanda kwa ajili ya mjukuu wake.

Mafunzo kwa wasichana wa mtaa yaliendelea Jumatano na Alhamisi. Cherehani moja ya miguu imeharibika na fundi anasubiri kipuri.

Mambo yanayoombwa kuamuliwa leo ni matatu. La kwanza ni bei mpya, inayohesabiwa kwa saa za kazi na siyo kwa kitambaa. La pili ni iwapo tuombe mkopo wa halmashauri, kupitia ile asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, ili tununue mashine ya ovaloki ya kuzuia nyuzi zisichomoke. Kamati imegawanyika, na mweka hazina ataeleza marejesho yatakavyokuwa kabla hamjasema ndiyo. La tatu ni kwamba kila mwanachama achangie siku moja kwa mwezi katika kuchambua na kufua, ili kazi hiyo isiwaangukie watu walewale wanne ambao wameibeba mwaka mzima bila malipo.

Nimeweka mezani, karibu na daftari la mahudhurio, mmoja wa mikoba ile iliyorudishwa. Naomba kila mmoja aufungue, aitazame bitana yake, kisha ndipo tupige kura.

Mwenyekiti