Risala ya wahitimu wa ushonaji kwa Mgeni Rasmi: fundi wa Getaria na mkono wa gauni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mama, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Sisi wahitimu wa ushonaji tuko 19, na tuliwaomba walimu tusikuhesabie masomo tuliyosoma. Tunaomba badala yake tukusimulie habari za fundi mmoja wa Hispania, Cristóbal Balenciaga, maana miaka hii miwili tumeishi naye darasani kama mwalimu mwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Jina hilo vijana wengi wanalijua kwa sababu ya raba na mabegi yenye chapa hiyo. Raba hizo zimekuja baada yake. Mwenyewe alifariki mwaka 1972. Alizaliwa tarehe 21 Januari 1895 huko Getaria, kijiji cha wavuvi katika nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania. Baba yake alikuwa mtu wa bahari, akafariki mtoto angali mdogo. Mama yake, Martina Eizaguirre, akailea familia kwa sindano. Miongoni mwa wateja wa mama alikuwamo bibi wa kikabaila, Marquesa wa Casa Torres, aliyekuwa na nyumba hapo kijijini na akivaa nguo za Paris. Inasimuliwa kwamba mtoto yule aliomba aruhusiwe kuiga gauni lake moja. Bibi akampa kitambaa, na lilipokwisha kushonwa akalivaa. Wengi wetu hapa tumesomeshwa kwa cherehani ya mama iliyokaa barazani. Siku mwalimu alipotusimulia habari hii, darasa zima lilinyamaza.

Mwaka 1917 alifungua nyumba yake ya ushonaji San Sebastián, mji wa pwani ambako familia ya kifalme ilikuwa ikipumzika wakati wa kiangazi. Baadaye akafika Madrid na Barcelona, na nyumba zake za Hispania zikaja kuitwa Eisa, kifupi cha jina la ukoo wa mama yake. Ufalme ukaanguka 1931, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka 1936. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 42, akaanza upya ugenini: Paris, Avenue George V, nyumba namba 10.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ugonjwa wa Balenciaga ulikuwa mkono wa nguo. Waliofanya kazi naye wameeleza kwamba koti lingeweza kuwa limekwisha, limepigwa pasi, naye akaona mkono haukukaa, akaufumua papo hapo na kuupachika upya. Alitaka mtu ainue mkono na nguo itulie mahali pake.

Somo hilo sisi tulilipata kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza mteja mmoja alirudisha gauni la sherehe. Hakugomba. Alilivaa mbele yetu, akanyoosha mkono kana kwamba anasimamisha daladala, na gauni zima likapanda naye mpaka magotini. Tulikuwa tumekata kwapa limeshuka mno. Mwalimu akatuambia tufumue mikono yote miwili, kisha akatufundisha kutia kikwapa, kile kipande kidogo cha kwapani ambacho mafundi wa kanzu wa pwani wanakijua tangu enzi za babu zao. Balenciaga naye alikuwa akitia kipande cha namna hiyo hiyo kwenye mikono ya nguo zake. Tulifurahi mno kulijua jambo hilo. Tulirudia kazi ile siku mbili, na mama yule bado ni mteja wetu.

Katika miaka ambayo Paris nzima ilikuwa ikiwabana wanawake kiuno, Balenciaga alikilegeza. Mwaka 1957 alitoa gauni lililoitwa gunia, lisilo na kiuno kabisa, na watu wakalisema sana. Aliacha nafasi kati ya nguo na mwili, kola akaisogeza mbali na shingo, mikono akaikatia juu kidogo ya kifundo ili bangili ionekane. Mwanamke mwenye tumbo au mgongo uliopinda hakuhitaji kujinyonga ili apendeze. Kwa sisi tunaoshonea mama zetu na shangazi zetu, hilo ni jambo kubwa kuliko sifa zake zote.

Mwaka 1958 alishirikiana na watengenezaji wa Uswisi kupata gazari, hariri ngumu inayosimama yenyewe. Mwaka 1961 alitoa koti lenye mshono mmoja. Tulijaribu kulikata kwa karatasi ya gazeti, tukashindwa mara nyingi kabla ya kuelewa kitambaa kinazungukaje. Mwaka 2017 makumbusho ya Victoria and Albert ya London ilionyesha picha za eksirei za nguo zake, na ndani yake vikaonekana vyuma vidogo vya uzito vilivyofichwa ili nguo ining'inie inavyotakiwa.

Christian Dior, mbunifu mwenzake wa mavazi wa Paris, alimwita bwana wao wote. Coco Chanel, mbunifu mwingine wa Paris, alisema Balenciaga peke yake ndiye aliyeweza kukata, kuunganisha na kushona kwa mkono wake. Wabunifu André Courrèges na Emanuel Ungaro walijifunza kazi mikononi mwake, na mama yake mbunifu Paco Rabanne alikuwa fundi katika nyumba yake ya Hispania.

Mwaka 1968 alifunga milango. Hapa darasa letu liligawanyika. Wapo waliosema alifanya vyema kuondoka kuliko kushusha kazi yake wakati nguo za kiwandani zikitawala. Wengine, nikiwamo mimi ninayesoma risala hii, tunawafikiria mafundi wake walioamka hawana kazi. Alizikwa Getaria, na tangu 2011 kijiji hicho kina makumbusho yenye jina lake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Balenciaga alianza na kitambaa, mchoro ulikuja baadaye. Sisi kitambaa tunakitandika sakafuni juu ya mkeka, kwa kuwa meza ya kukatia hatuna, na sanamu ya kuvalishia nguo ni moja, tunapokezana hadi jioni. Tunakuomba, Mama, uwasaidie wadogo zetu wapate meza mbili za kukatia na sanamu nne, moja kati yake iwe ya mwili mnene, kwa sababu wateja wetu wengi ni wa mwili huo.

Mwisho, tuna zawadi. Ni koti la kitenge, vipimo tulivipata kwa msaidizi wako. Kola imekaa mbali na shingo. Mkono wa kushoto tumeufumua mara tatu. Tunakuomba ulivae hapa hapa, kisha uinue mikono yote miwili ili mwalimu wetu aone.

Naomba kuwasilisha.