Kikao cha makungwi na mangariba Newala, Jumamosi

Habari za jioni makungwi, mangariba na wahudumu wa afya. Shule zinakaribia kufungwa na wali (vijana wa jando na unyago) wataingia kumbini, kwa hiyo tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi, ofisi ya kijiji. Mchango Sh 3,000 za chai na chakula, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi.

1. Kwenye tohara ya wavulana: wembe mmoja, mwali mmoja, na glavu mpya kila mara. Kupangusa kwa spiriti kisha kuendelea na mwingine hakutoshi kuzuia VVU. Nyembe za akiba ziwepo, maana huanguka mchangani na kazi haisubiri.

2. Wavulana waambiwe ukweli: tohara kamili hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60, haiondoi yote. Ngozi ikikatwa nusu, kinga hiyo haitegemewi. Wakubwa wasubiri wiki 6 kabla ya kujamiiana, na kondomu ni pale pale.

3. Nyimbo za unyago zibaki kama zilivyo. Makungwi waongeze hili: aliyebakwa au aliyepasukiwa na kondomu awahi kituo cha afya ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, dawa za kuzuia VVU humezwa siku 28. Wengi huchelewa wakingoja kwanza kikao cha ukoo.

Siri za kumbi hazitaandikwa wala kupigwa picha, wazee msiwe na wasiwasi.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO kabla ya Jumatano usiku, na mangariba mtaje idadi ya wali. Kungwi asiye na simu, jirani amjibie. Asanteni sana.