Habari Hii ni ya Nani? Barua ya Wazi kwa Maadmini wa Magrupu Yetu

Kwa wajukuu zangu, wanangu, na vijana wote mliopewa uadmini wa magrupu ya ukoo, ya mtaa, ya waliosoma pamoja, ya msikitini na ya kanisani,

Marahaba. Salamu zenu za kila asubuhi nazipata, na picha za watoto nazitazama zote. Miguu inasumbua kidogo, lakini macho bado yanasoma, na ninachokisoma kwenye simu ndicho kilichonikalisha chini kuandika.

Jambo langu ni moja. Habari nyingi zinazoingia kwenye magrupu yenu hazina mwenyewe. Zinakuja na maneno "nimeituma kama nilivyoipokea", na ukimuuliza aliyetuma kaitoa wapi, anakutajia grupu jingine. Ukiuliza huko, unaelekezwa kwingine. Watu mia mbili wameishika habari moja, na hakuna hata mmoja anayethubutu kusema: hii yangu, nilikuwepo, niulizeni mimi. Uongo tumeishi nao tangu dunia iumbwe. Hili la habari kukosa mwenyewe ndilo linaloniumiza zaidi.

Mnajua kazi yangu ilikuwa posta, na miaka mingi nilikuwa kaunta ya telegramu. Wengi wenu hamkuiona. Mtu mwenye habari ya kupeleka mbali alichukua fomu, akaandika maneno yake, nami nikayahesabu, maana kila neno lililipiwa. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya jina na anwani ya mpelekaji. Jina lile halikusafiri na ujumbe, lilibaki kwetu. Lakini fomu isiyo na jina sikuipokea. Niliwahi kumwona mtu keshaandika "Baba mahututi njoo haraka", akafika pale pa jina lake, kalamu ikasimama. Akaomba radhi, akarudi kwanza nyumbani kumtazama tena mzee. Kuna kitu mkono unakifanya ukitakiwa kuweka jina, na simu zenu hazikitaki tena kutoka kwenu.

Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikuwa na matangazo ya vifo, na nyumba nzima ilinyamaza yakisomwa. Bwana fulani wa Muheza anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari ziwafikie fulani wa Mwanza na fulani wa Songea, popote walipo. Kila tangazo lilikuwa na jina la mtu aliye hai anayelisimamia. Leo naona msiba unatangazwa kwenye grupu na mtu ambaye si wa nyumba ile, ndugu wa marehemu akiwa bado yuko kwenye basi na hajaambiwa. Hapo hata ikiwa kweli tupu, ni dhuluma.

Msidhani nasema zamani tulikuwa watu wa kweli tupu. Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, enzi za ukoloni, watu wazima walilikimbia gari la zimamoto wakiamini limebeba mumiani, wanyonya damu. Aliyewahi kuona kwa macho yake hakupatikana. Kila mmoja aliambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Uvumi ule ulitembea kwa miguu na kwa vyombo vya majini, na bado ulitisha miji mizima. Wenu unatembea kwa kidole.

Na nikiwakanya, wapo wanaonijibu kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naipenda methali hiyo, lakini mnaitumia vibaya. Inamwambia mwenye jambo lake ajiangalie, kwa sababu watu wameanza kusema. Haimpi msikilizaji ruhusa ya kubeba kila kitu kabla hakijaja. Waislamu miongoni mwenu mmesomeshwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Wakristo mnayo Mithali 14:15, kwamba mjinga huamini kila neno. Sasa mnangoja fundisho gani jingine?

Niwakumbushe Mei 2024, kwa sababu sote wa pwani tulikuwepo. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na tarehe na saa yake, ikataja kimbunga kiko kilomita ngapi kutoka pwani, upepo una kasi gani, na nani wajihadhari: Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba. Kwenye magrupu yetu, wakati huohuo, ikazunguka sauti ya mtu anayehema: jamani, leo saa kumi jioni kinaingia, msitoke, watumieni na wengine. Leo ipi? Sauti ile niliipokea Alhamisi, ikaja tena Ijumaa, na Jumapili, kimbunga chenyewe kikiwa kimeshaishiwa nguvu baada ya kupiga Mafia siku ya Jumamosi, bado ilikuwa inasema leo. Haikutaja mahali, haikutaja tarehe, na aliyehema hatumjui mpaka sasa.

Mtaniambia: babu, si afadhali watu waliogopa wakabaki nchi kavu? Sikilizeni. Mvuvi anakula alichovua jana. Akibaki siku ambayo taarifa imemtaka abaki, amejiokoa. Akibaki siku tatu nyingine kwa sauti ya mtu asiyejulikana, watoto wamelala njaa, na mara ijayo hata taarifa ya kweli hataisikiliza, atasema ni yaleyale. Huo ndio ubaya ninaouogopa. Kwa maana vimbunga si hadithi kwetu. Unguja kilipita mwaka 1872 na wazee walihesabia miaka kwa kile, Lindi ikapigwa mwaka 1952, na baada ya Hidaya mvua ziliikata barabara ya kusini pale Somanga. Siku nyingine itakuja, na siku hiyo nataka onyo likitolewa watu wanyanyuke.

Wiki moja baadaye, Jumapili ya Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Nikaona vijana wazima wamekaa barazani hawajui lolote la dunia, wakati redio ilikuwa inasema vilevile kama jana. Nunueni redio ya betri, wekeni ndani. Hilo sina zaidi la kulieleza.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, maana najua baadhi yenu mnasema moyoni: hao wenye majina nao hukosea, na serikali nayo hunyamaza. Ni kweli. Januari 2025, tarehe 14, Shirika la Afya Duniani lilisema kuna dalili za ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa amethibitishwa Biharamulo. Kwa siku zile sita magrupu yaligawanyika: hawa wanasema Marburg ipo kila mahali na watu wanafichwa, wale wanasema ni njama za mabeberu.

Aliyekuwa anafuata kwa wenyewe alijua nini? Alijua kwamba shirika limesema hivi tarehe hii, wizara imesema vile tarehe ile, na jambo halijaisha. Akaendelea kunawa mikono na kungoja. Ilipofika tarehe 20 hakushtuka, wala hakuwa na watu wa kuwaomba msamaha. Tena Machi 13 ilipotangazwa kwamba mlipuko umekwisha, naye alijua, wakati magrupuni hakuna aliyekumbuka kulirusha hilo. Ninaposema habari iwe na mwenyewe, sisemi mwenyewe hakosei. Nasema yupo wa kumrudia. Wizara iliulizwa ikabidi ijibu. Sauti ya yule anayehema utaiuliza wapi?

Na kama wenye mamlaka wamenyamaza, semeni hivyo: hawajasema bado. Sentensi hiyo haina aibu yoyote. Najua kimya cha wakubwa kinazaa maneno, na nimewaambia wakubwa hayo uso kwa uso kwenye mikutano ya kata. Lakini kimya chao hakigeuzi dhana yako kuwa habari.

Katika yote, la dawa ndilo nawaomba mlifunge kabisa. Mnakumbuka kikombe cha Loliondo, ile dawa ya kunywa iliyosemwa inatibu magonjwa sugu, mwaka 2011. Mchungaji Ambilikile Mwasapile alikuwa kijijini kwake Samunge, kikombe shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini, mengine yametoka nje ya nchi. Simsemi marehemu kwa ubaya. Ninayemsema ni aliyekuwa mbali, ambaye hakuwa amemwona mgonjwa hata mmoja akipimwa tena hospitali, lakini akatuma ujumbe kwamba fulani kapona, na kwa ujumbe huo wapo walioacha dawa zao za kufubaza virusi vya UKIMWI. Siku hizi safari ya porini haihitajiki hata. Jirani yangu hapa aliacha vidonge vya presha kwa ujumbe wa "daktari bingwa" asiye na jina wala hospitali, ukimwambia achemshe majani. Alianguka bafuni. Sasa anasema kwa shida, upande mmoja wa mdomo. Yule aliyemtumia anamwita shangazi, na anampenda kweli. Kwa hiyo msiniambie mlituma kwa nia njema. Nia njema alikuwa nayo.

La utapeli nitalipita haraka kwa sababu mnalijua kuliko mimi: ile hela tuma kwenye namba hii, kazi zinazoombwa kwa kubonyeza kiungo, mikopo kausha damu. Wafundisheni wazee wenu kuirusha meseji ya tapeli kwenda 15040 badala ya kuibishania, na kubonyeza *106# kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Kaeni nao dakika tano. Hamtafanya hivyo kwa kuandika kwenye grupu.

Mtu mwingine ataniambia sauti ni ya rais mwenyewe, au ya askofu, au ya shehe, ameisikia. Akili mnemba imeshatufikisha mahali ambapo sauti ya mtu inatengenezwa na sura yake ikachezeshwa midomo. Kwa hiyo nenda ukatazame: kama kiongozi amesema, ukurasa wa ofisi yake una maneno hayo, na vyombo vyenye wahariri wanaojulikana vimeandika, na havitakuwa kimoja tu. Sisi usiku tulisikiliza Redio Tanzania, kisha tukatafuta BBC, kisha Deutsche Welle, tukizungusha kitufe kwenye mawimbi mafupi yanayokwaruza. Tulikuwa tunaifuata habari ilipo. Ninyi mnakaa, inawajia, na inayowajia ni ile iliyoandikwa ili ikimbie. Tengeni saa yenu moja kwa siku, muingie wenyewe mkasome magazeti mawili yasiyokubaliana, mpaka mwisho wa habari, siyo kichwa tu.

Kwa uadmini wenu naomba haya. Ujumbe wowote wa hatari, wa ugonjwa, wa msiba au wa mtoto aliyepotea usikae kwenye grupu bila mambo matatu: nani anasema, wapi, na tarehe gani. Ukikosa hata moja, admin auondoe na amwambie mtumaji kwa upole, faragha, asimwaibishe mbele ya wakwe. Matangazo ya watoto waliopotea yanazunguka miaka mtoto akiwa keshapatikana, na mama yake anapigiwa simu na wageni usiku. Mkiona mishale miwili midogo juu ya ujumbe, jueni umeshapita mikono mingi mno. Wenye WhatsApp wenyewe tangu Aprili 2020 wameubana ujumbe wa namna hiyo usiende zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja, baada ya kuona madhara yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ipo, lakini sitaki mfanye haya kwa kuogopa polisi.

La mwisho, na hili ndilo litakalokuwa gumu kwenu. Habari ikibainika si kweli, aliyeileta asiifute kimyakimya ikabaki ile alama ya ujumbe uliofutwa. Arudi palepale, mbele ya watu walewale, aandike: nililoleta jana si kweli, ukweli ni huu, nimeutoa mahali fulani. Na sisi wakubwa tumshukuru, asichekwe. Mkiweza kulisimamisha hilo katika grupu la ukoo wetu peke yake, nitafurahi.

Mwenye neno la kunipinga alilete. Jina langu mnalijua, nyumba mnaijua, na kila baada ya alasiri nipo barazani Ngamiani.

Babu yenu wa posta,
Tanga