Barua kwa Rehema: Usimkatie Lulu Chakula

Rehema, ndugu yangu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Sisi huku hatujambo, ukiondoa mgongo wa mama mkwe ambao haujawahi kuwa mzima tangu niolewe. Barua yako nimeipata. Nimecheka sana pale uliposema kila anayefika shambani kwako akiwaona farasi wako wadogo anauliza hao mbuzi mbona hawana pembe. Ndivyo tulivyoanza sisi pia. Mzee mmoja aliniuliza sufu yao nauza wapi.

Kicheko kilikauka nilipofika ukurasa wa pili. Unasema Lulu amenenepa mpaka mgongo umefanya mfereji, na kwa kuwa ana mimba ya miezi minane umeona apungue kabla hajazaa, basi tangu Jumatatu umemfungia peke yake na unampa konzi mbili za nyasi asubuhi na mbili jioni. Rehema, ukimaliza sentensi hii weka barua chini, nenda kampe nyasi. Kisha rudi tuendelee.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, kapokea mwanao, na nimemwagiza hilo hilo moja. Mengine nayaandika kwa sababu ya kwenye simu husahaulika, na haya nataka uyabandike kwenye mlango wa banda.

Hawa farasi wadogo miili yao inajua kubana matumizi. Nyasi kidogo inawatosha, ndiyo maana wananenepa hata kwa kutazama malisho. Lakini jike mnene mwenye mimba akikosa chakula ghafla, mwili unafungua ghala la mafuta, na mlango wa ghala hilo ukishafunguka kuufunga ni kazi. Mafuta yanamwagika kwenye damu kwa wingi ambao ini haliwezi kuumudu. Ini lenyewe linajaa mafuta, hamu ya kula inakwisha, na kwa kuwa hali, mafuta yanazidi kumwagika. Farasi mkubwa huwa anavumilia siku mbili tatu za kukosa chakula. Hawa wetu, na hasa majike wanaokaribia kuzaa au wanaonyonyesha, hawana uvumilivu huo.

Sikwambii niliyoyasikia. Unamkumbuka Tausi, yule wa kijivu mwenye doa la jicho? Tulimhamisha akiwa na mimba ya miezi tisa. Safari ndefu ndani ya trela, banda geni, majike wageni waliomfukuza kwenye nyasi. Siku ya kwanza hakula, nikasema amechoka. Siku ya pili alinusa nyasi akaziacha, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilisema moyoni afadhali, apungue kidogo huyu. Siku ya tatu alikuwa amesimama kichwa kimeshuka hadi usawa wa magoti, midomo inacheza kwenye maji lakini hanywi. Daktari wa mifugo akamtoa damu, akakichomeka kichupa kwenye mfuko wa shati akaendelea kumpima. Alipokitoa, damu ilikuwa imejitenga, nyekundu chini, na juu, mahali panapotakiwa kuwa na maji ya manjano maangavu, palikuwa peupe kama maziwa. Hakuhitaji kusema neno. Tulimlisha kwa mpira wa puani siku mbili, tukampoteza, na mtoto akiwa tumboni.

Basi Lulu asipogusa nyasi kwa mlo mmoja tu, usingoje mlo wa pili. Mwite daktari.

Sasa, unene. Sisemi umwache afure. Nasema kwanza uujue kwa mkono, maana macho yanadanganya. Wana manyoya mazito wakati wa baridi, na tumbo la mimba linaning'inia huku mbavu zimetokeza. Mimi hufanya hivi kila Jumamosi: nakunja ngumi, napapasa vifundo vya vidole. Mbavu zake zikihisika hivyo, amekonda. Nakunjua mkono, napapasa mgongo wa kiganja. Zikihisika hivyo, yuko sawa. Nageuza mkono, nabonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ukiona mbavu zimejificha hivyo, amezidi. Madaktari wana kipimo chao cha alama 1 hadi 9, alichokitoa Henneke wa Texas mwaka 1983, nao hupenda jike mwenye mimba awe kwenye 5 au 6. Papasa na ukosi wa shingo pia. Ukiwa mgumu na umesimama kama ukingo wa jahazi, hapo kuna mafuta ya kutisha.

Ukishajua, usipunguze wingi wa nyasi, punguza utamu. Ondoa pumba, nafaka na hizo tufaha unazompa mwanao aende kuwalisha (usikatae, amenisimulia mwenyewe). Malisho mabichi yanayoota upya yana sukari nyingi, kwa hiyo mpe muda mfupi, au mvishe kapu la mdomo lenye tundu. Nyasi kavu mpe kwa mzani, si kwa konzi. Asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, na kama ana kilo 90 hizo ni kati ya kilo 1.4 na 1.8. Tundika mzani wa samaki kwenye boriti, ndoano inaning'iniza wavu wa nyasi, kazi imekwisha. Usishuke chini ya hapo bila daktari kusema. Wavu uwe wa matundu madogo ili ule mlo umchukue saa nyingi, na ugawe mara tatu nne, asikae na tumbo tupu usiku kucha. Nyasi zikiwa tamu sana ziloweke nusu saa au saa nzima kisha umwage yale maji. Chumvi na madini ya farasi yasikatike, maana hii miezi mitatu ya mwisho ndiyo mtoto anayojijenga kwa kasi. Kupunguza uzito kwenyewe kutakuja baadaye, akishaachisha ziwa.

Na chakula cha ng'ombe wako kiwe na chumba chake, ndoo zake na koleo lake. Vingine vinachanganywa na monensini, dawa isiyomdhuru ng'ombe, lakini kwa farasi inaua misuli ya moyo, na kiasi kidogo kinatosha. Sina la kuongeza hapo.

Lulu yuko peke yake tangu Jumatatu, umesema. Mrudishe karibu na Kipusa, jike mwenzake. Si lazima wale pamoja, weka uzio wa wavu katikati, lakini waonane na kunusana. Jike aliyetengwa hula vibaya, na kula vibaya ndiko tunakokukimbia. Kwato zichongwe kila wiki 6 hadi 8, meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Taya limekuwa dogo lakini meno hayakupungua kwa kiasi hicho hicho, yamesongamana mle ndani kama abiria wa daladala, na jike anayedondosha mabonge ya nyasi iliyotafunwa nusu anakwambia hivyo. Ukimwona anasimama ameegemea nyuma kama anayekwepa kukanyaga vidole vyake, shika kwato. Zikiwa za moto, usisubiri kesho.

Uliuliza kama Lulu ni mdogo wa kutosha kuandikishwa. Ile jumuiya ya farasi wadogo ya Marekani iliyoanzishwa 1978 inataka asizidi inchi 34, kama sentimita 86, na wanapima kwenye unywele wa mwisho wa singa, si juu ya bega. Mume wangu aliposikia alisema basi tumnyoe nywele za nyuma tupate sentimita mbili. Nilimnyang'anya mkasi. Lakini ukweli, Rehema, udogo uliopitiliza mimi siupendi kwa jike wa kuzaa. Nyonga ni finyu na kichwa cha mtoto kina paji kubwa, ndiyo maana hawa hukwama wakati wa kuzaa kuliko farasi wengine. Kipusa, kwa udogo ule, mwache awe rafiki wa watoto. Na ukishupalia kumpandisha, kwanza mpime yeye na dume ile jeni ya udumavu. Mbebaji anaonekana mzima kabisa, ila wabebaji wawili wakikutana, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuzaliwa na miguu iliyopinda na taya lisilofunga, wengine hawafiki hata kuzaliwa. Nimemwona mmoja. Sitaki kumwona mwingine.

Tuje kwenye usiku wenyewe, maana karibu wote huzaa usiku. Mimba huchukua kama siku 340, lakini hawa wadogo wengine huwahi, mimi huanza kulala nusu jicho kuanzia siku ya 300. Kiwele kitajaa, kisha kwenye ncha za chuchu utaona matone yaliyoganda kama nta, na nyama za pande mbili za shina la mkia zitalegea mpaka zitikisike ukizigusa. Hapo hamishia godoro lako karibu.

Maji yakipasuka, tazama saa. Mtoto anatakiwa awe nje ndani ya nusu saa, na mara nyingi ni chini ya hapo. Kinachotokeza kwanza kiwe utando mweupe, ndani yake mguu mmoja umetangulia mwingine kidogo, nyayo zimetazama chini, na pua imelala juu ya magoti. Ukiona utando mwekundu kama mahameli, hapo kondo limeachia kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Upasue hapo hapo, umtoe, daktari utamwita huku mikono ikifanya kazi.

Kwa Shani, jike wangu mwingine, nilitazama dakika kumi zikipita, anasukuma, anainuka, anazunguka, analala tena, na kilichotoka ni pua na mguu mmoja tu. Daktari alikuwa njiani, ananielekeza kwa simu iliyowekwa juu ya ndoo. Mkono wangu ukawa mnene, haukupita. Binti yangu ndiye aliyeosha wake mpaka kwenye kiwiko, akapaka mafuta ya kulainisha, akangoja uchungu ulegee, akamsukuma mtoto nyuma kidogo, akaipata ile kwato iliyokunjika na kuifunika kwa kiganja isichane ndani, akaileta mbele. Alikuwa amefumba macho muda wote. Uchungu uliofuata ulimleta mtoto mpaka mabegani, na utando bado umemfunika pua. Hawa wadogo wakati mwingine hawana nguvu ya kuupasua wenyewe. Angezaa bila mtu karibu, asubuhi tungemkuta mtoto mzima kabisa aliyekufa ndani ya mfuko.

Akishatoka, usiharakishe kukata kitovu, kikatike chenyewe wakikaa kimya, kisha ukichovye kwenye dawa. Halafu kumbuka moja, mbili, tatu: ndani ya saa 1 mtoto awe amesimama, ndani ya saa 2 awe amenyonya, ndani ya saa 3 kondo liwe limetoka. Liweke kwenye ndoo, usimpe mbwa, daktari alitandaze alione lote. Kipande kikibaki ndani kinamtia jike sumu, na homa hiyo hushuka mpaka kwenye kwato. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndiyo kinga yote ya mtoto, na utumbo wake unaipokea siku ya kwanza tu, kwa hiyo kesho yake apimwe damu kuona kama imeingia ya kutosha. Na lile beseni kubwa la maji uliloliweka bandani litoe. Mtoto atakuwa wa kimo cha goti lako, anaweza kutumbukia asitoke. Ubao wa chini wa uzio nao ushushe. Wa kwangu wa kwanza alibingirika akiwa usingizini akaamkia upande wa pili, mama yake nusura abomoe banda.

Yaliyobaki tutasemezana tukionana. Niandikie tarehe kamili aliyopandwa Lulu, si "kama mwezi ule wa mvua". Nikiijua nitahesabu na kuja wiki mbili kabla. Binti naye anakuja, mikono yake bado myembamba. Na mpigie daktari wako leo, mwambie alikula kidogo kwa siku ngapi, akikwambia anataka kumtoa damu usibishane naye.

Niandalie godoro, na taa isiyoumiza macho ya jike.

Wako,
Mwanaidi