Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Kemia kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi,
Mkuu wa idara,
Walimu wetu wapendwa,
Wanachama na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika siku yetu ya kemia. Tunafahamu kwamba shughuli zako ni nyingi, na kufika kwako tunakuhesabu kuwa ni heshima kubwa kwetu.

Ndugu mgeni rasmi, kwa kawaida risala hueleza historia ya chama, mafanikio na matatizo. Historia yetu ni fupi, na mafanikio umeyaona ulipopita kwenye meza za maonyesho. Kwa ruhusa ya walezi wetu, sehemu kubwa ya risala hii tutamzungumzia mwanasayansi ambaye kazi zake tumezisoma mwaka huu: Profesa Kendall Houk wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, bingwa wa nadharia katika kemia ya kaboni. Tulimchagua kwa sababu chamani palizuka ubishi: je, anayeshinda kwenye kompyuta badala ya maabara anastahili kuitwa mwanakemia?

Houk alizaliwa mwaka 1943 mjini Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya kwanza mwaka 1964 na ya uzamivu mwaka 1968. Msimamizi wake alikuwa Robert Burns Woodward, fundi mkubwa wa kuunda molekuli, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Mwaka huohuo Woodward na kijana Roald Hoffmann walianza kuchapisha kanuni zao za ulinganifu wa obitali (maeneo ya elektroni ndani ya molekuli), zinazoeleza kwa nini mimenyuko fulani, yaani mageuzi ya kikemia, hukubali kwa joto lakini hukataa kwa mwanga, na mingine kinyume chake. Utafiti wa Houk ulikuwa wa kuzipima kanuni hizo kwa majaribio. Tunaomba wenzetu waliokuwa upande wa pili wa ubishi walisikie hilo vizuri: bwana huyu aliingia kwenye nadharia akitokea maabara.

Mwaka 1968 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na huko ndiko hesabu zilikomvuta. Mwaka 1980 alihamia Pittsburgh, na mwaka 1986 Los Angeles. Nishani zake tunaziruka, maana tukizisoma zote ratiba itavurugika.

Ndugu mgeni rasmi, kazi yake karibu yote inahusu kitu ambacho hakuna anayeweza kukitia kwenye chupa. Molekuli zinapomenyuka, sharti zipite mahali pa juu kinishati, kama msafiri anayevuka safu ya milima kwa kupitia upenyo kati ya vilele. Mahali hapo panaitwa hali ya mpito. Ndipo panapoamua mmenyuko uende haraka au polepole, na mara nyingi ndipo panapoamua zao lipi litoke kwa wingi. Lakini molekuli haikai pale; inapita tu. Mekanika ya kwantamu, ikikokotolewa kwa uangalifu, inaweza kutuonyesha umbo la hali hiyo: bondi ipi, yaani kifungo kati ya atomi, imerefuka, pembe ipi imepinda, elektroni zimeelekea wapi.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa siklobuteni, pete ndogo ya kaboni 4. Ikipashwa moto hufunguka, na ncha zake mbili huzunguka kwa pamoja, ama zote kufuata mwendo wa saa ama zote kinyume chake. Kanuni za Woodward na Hoffmann zilifika hapo zikakoma. Sasa pachika kundi la atomi kwenye ukingo wa pete: litazungukia nje au ndani? Wengi wetu tulijibu haraka kwamba litakwenda nje, kwenye nafasi. Katika miaka ya 1980 Houk na wenzake walikokotoa, wakaona kwamba nafasi siyo hoja kuu. Elektroni ndizo zenye kauli. Kundi linalotoa elektroni huelekea nje, lakini kundi la formili (kaboni, hidrojeni na oksijeni), ambalo huvuta elektroni, hupendelea kuingia ndani, palepale palipobana. Walitabiri hivyo, kisha wakaitengeneza molekuli yenyewe na kuipasha moto. Formili ikaingia ndani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1987, na tulipoyasoma, ubishi wetu ulipungua sana, ingawa haukuisha.

Wala Houk mwenyewe hakukosa wabishi. Kuhusu mmenyuko wa Diels na Alder, ambao huunganisha molekuli mbili kuwa pete, mwanakemia wa nadharia Michael Dewar alikuwa na hoja kwamba bondi mbili mpya hazifungwi kwa mwendo mmoja. Hesabu za kundi la Houk zilisema katika mifano sahili zinafungwa pamoja. Uigaji wa kompyuta uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hata pale bondi moja inapoitangulia nyingine, pengo hilo ni fupi kuliko mtetemo mmoja wa bondi ya kaboni kwa kaboni.

Kisha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko. Mwaka 2008 kundi la Houk lilishirikiana na David Baker, mbunifu wa protini wa Chuo Kikuu cha Washington. Akina Houk walikokotoa jinsi makundi ya kikemia yanavyopaswa kuizunguka hali ya mpito ili yaitulize. Akina Baker wakatafuta protini ya kuyashikilia mahali pake. Walilenga mmenyuko uitwao uondoaji wa Kemp, ambapo protoni huondolewa na pete ya molekuli hufunguka, na ambao haukuwa na kimeng'enya cha asili kinachojulikana. Vimeng'enya vilivyobuniwa viliuharakisha hadi takriban mara 100,000. Hata hivyo, baada ya hapo, mabadiliko na uteuzi wa hatua kwa hatua maabarani viliongeza ufanisi wa kimoja zaidi ya mara 200. Sisi tunaona sehemu hiyo ya pili ina uzito uleule wa ile ya kwanza, maana inaonyesha hesabu zilikoishia.

Ndugu mgeni rasmi, sasa matatizo na maombi. Kompyuta tulizonazo zinafaa kuchapia ripoti. Ukizipa molekuli yenye atomi nyingi zinakwama. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta moja yenye kumbukumbu kubwa na vichakataji vingi. Hatuombi fedha za leseni, kwa kuwa zipo programu huria zinazotosha kwa kiwango chetu. Tunaomba pia walimu wa hisabati na fizikia wapangiwe kipindi cha pamoja nasi, kwani milinganyo ya kwantamu inatushinda mapema. Na tunasisitiza kwamba gharama hizo zisikatwe kwenye fungu la kemikali na vyombo vya maabara.

Baada ya risala hii wenzetu wawili watakuonyesha kwenye skrini siklobuteni ikifunguka, mara moja na kundi la formili na mara moja bila kundi lolote. Hesabu hizo wamezifanya wenyewe, kwa hiyo maswali magumu tafadhali waulize wao.

Tunaomba kuwasilisha.