Mkono umevunjika, mbona hakuna aliyeuliza sababu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza. Dada yangu ana miaka 43. Alikuwa anafagia uwanja nyumbani kwake hapa Chang'ombe, akajikwaa kwenye mzizi wa mwarobaini, akaangukia kiganja. Hakupanda mti wala hakuwa kwenye bodaboda, lakini mkono ulivunjika karibu na kifundo cha mkono. Hospitalini wakampiga picha, wakamfunga plasta, wakamwambia arudi baada ya wiki sita. Wiki zote hizo alisonga ugali kwa mkono wa kushoto, sufuria imeshikwa na mwanawe wa miaka tisa.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini mfupa wa mwanamke wa umri huo uvunjike kirahisi hivyo. Wangeuliza wangejua kwamba mama yetu alivunjika nyonga. Wangejua pia kwamba dada anameza prednisoloni kila pumu inapombana, huu mwaka wa sita, na dawa hiyo ikitumika muda mrefu huidhoofisha mifupa.

Tumezoea kudhani udhaifu wa mifupa ni wa bibi zetu. Mfupa hufikia kilele cha uimara karibu na miaka 30, kisha hupungua polepole. Hedhi inapokaribia kukoma na homoni ya estrojeni kushuka, upungufu huo hushika kasi. Anayengoja mpaka hedhi ikome ndipo aanze kuitunza mifupa yake amechelewa.

Siombi kila mwanamke apimwe uimara wa mifupa kwa mashine. Kwa aliye bado na hedhi kipimo hicho si cha kila mtu, na majibu ya chini peke yake hayatoshi kuitwa ugonjwa. Naomba maswali tu. Kwenye kliniki ya mama na mtoto tunakaa benchi tangu asubuhi, tunafundishwa lishe ya mtoto na chandarua. Hapo hapo muuguzi aulize: umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu? Mama yako je? Na anayechomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aambiwe kwamba ikitumika miaka mingi hupunguza madini ya mfupa, na kwamba kwa kawaida hurudi akiiacha, asije akaikimbia kwa hofu.

Chakula nacho kitajwe. Mwanamke anahitaji kama miligramu 1,000 za kalisiamu, madini ya mfupa, kwa siku. Ulezi unazo nyingi kuliko mahindi kwa mbali, lakini majumbani mwetu uji wa ulezi ni wa mtoto. Mama anaukoroga, anauonja chumvi, basi. Dagaa wa kutafuna na mifupa yake tunawaita chakula cha shida. Maziwa ya mgando tunayauza yote, hata sisi wafugaji.

Plasta imetolewa wiki iliyopita. Jumatatu nampeleka tena dada, nikiwa na maswali kwenye karatasi. La kwanza ni la vile vidonge vya pumu, ambavyo nimemsihi asiviache ghafla kabla hatujamwona daktari.

Mama wa watoto watatu,
Chang'ombe, Dodoma